Vidagaa vya Mbao Vimenifungia Ndani

Ijumaa jioni. Mvua imekatika, joto limebaki

Shajara yangu mpenzi, bado niko ndani.

Fungate haijaisha, kwa hiyo mguu wangu haujavuka mlango tangu harusi. Huko chini Kariakoo inauza, inagombana, inapiga honi. Mimi niko ghorofani, nimesingwa, nanukia mawaridi, nimekaa kitandani miguu juu kwa sababu chumba kizima kimetekwa na samaki.

Samaki wa mbao! Mume wangu Idrisa (jamani, bado nalirudia neno hilo kimoyomoyo: mume wangu) anachonga vidagaa vya msonobari, chambo cha bandia cha kuvulia samaki wakubwa. Amevitundika kwenye kamba kutoka dirishani hadi kabatini. Dirisha la barabarani limefungwa, vumbi lisivishike. Feni marufuku. Udi marufuku, kwa sababu ya tina, ile ya kuyeyushia rangi, isije ikashika moto. Nikienda chooni nainama kama mwizi.

Lakini akinieleza kazi yake, nayeyuka. Anasema mbao isipozibwa hunywa maji, ikavimba, rangi ikapasuka. Ndiyo maana anavichovya kwenye sila, ile dawa ya kuziba mbao ya mafundi wa makabati. Vikikauka anavipiga msasa laini, ndipo apake praima nyeupe, rangi mwisho. Jana alimaliza sila. Leo praima, kesho rangi, na Jumapili fungate ikiisha tuvuke Kigamboni kwa pantoni tukavijaribu majini, mimi na yeye. Jumatatu anarudi kazini kwake, mtaa wa Gerezani.

Jumapili hiyo ndiyo inayonizuia nisipige kelele.

Asubuhi Idrisa alitoka kununua praima. Bi Mwanaidi, somo wangu anayenihudumia fungate hii, alikuwa keshanipaka mafuta, akaenda jikoni. Nilichoka kukaa. Nikavishusha vidagaa kimoja kimoja, nikavipapasa, nikavibusu, nikavipa majina ya watoto tutakaowazaa. Bi Mwanaidi akarudi, akanikuta.

"Ala! Mume katoka kidogo tu, ushaanza kupapasa samaki?"

Tulicheka mpaka machozi.

Idrisa akarudi, akapaka. Praima ikakataa kushika. Ikajikunja, ikakimbia, ikaacha vishimo kama ndui kwenye kila mgongo.

"Feki hii," akasema, tayari anavaa viatu. "Yule muuzaji leo atanitambua."

Nikatazama viganja vyangu. Vilikuwa vinang'aa mafuta ya nazi.

Ningeweza kunyamaza. Nakiri, nilinyamaza mpaka aliposhika kitasa. Nilimwona akilini, mume wangu mzuri, atakavyosimama pale dukani akimfokea mtu asiye na kosa, kwa sababu yangu.

"Usiende. Nilivishika mimi, na mafuta haya."

Akachukua kimoja, akakinusa. "Ndiyo maana dagaa ananukia bi harusi," akasema. Akavua viatu. Lakini hakucheka. Alitazama kamba nzima, mwanzo hadi mwisho. "Hivi vyote ni kufuta kwa tina, msasa upya, sila upya. Jumapili havitawahi, mke wangu."

Nililia. Sikulilia dagaa. Nililia pantoni, upepo, barabara.

Idrisa akaniwekea beseni na kipande cha sabuni ya magadi. "Osha mpaka viwikoni. Halafu njoo tupige msasa."

"Bi harusi na msasa!" Bi Mwanaidi akapiga makofi. "Singo yangu yote niliyomsugua imekwenda na maji."

Tumepiga msasa mpaka jioni, magoti yetu yakigusana, na nimegundua kwamba mume wangu akikazania kazi hutoa ncha ya ulimi. Hilo nisingelijua nikiwa barabarani.

Tumekubaliana. Kimoja tu, kile kidogo kuliko vyote, ndicho tutakachokiharakisha. Kitavuka Jumapili na praima tupu, bila rangi. Vingine vitangoja.

Sasa vimerudi kwenye kamba, nami nimerudi kitandani miguu juu, mikono imekauka kama ya dobi. Dirisha bado limefungwa. Huko chini mtu anacheka kwa sauti, natamani kujua anacheka nini.

Jumapili kidagaa kimoja cheupe kitatoka humu ndani. Nimemwambia Idrisa nitakibeba mimi.

Kwa kitambaa.