Kadi Iliyokatwa Ili Iingie

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kavindu Musyoki
Umri: Miaka 29
Kazi: Karani, Ushirika wa Wakulima wa Kitsakani
Makazi: Karibu na Kombani, Wilaya ya Kwale
Yameandikwa Jumanne, tarehe 24 Novemba 1998, kuanzia saa nane na dakika kumi mchana, mbele ya Koplo Chome.

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Najua kuwa fundi Kalama Rai ameshikwa kwa shutuma ya kuharibu kompyuta ya ushirika makusudi. Hakuiharibu yeye.

Mimi ndiye niliyeingiza orodha ya mashamba katika kompyuta hiyo. Daftari la zamani liliroa katika mvua kubwa ya mwaka jana, paa la ofisi lilipong'oka. Nilizikausha kurasa moja moja kwa pasi ya makaa. Pale wino ulipofutika, nilikwenda kwa mwenye shamba kuuliza. Kazi hiyo ilichukua miezi saba. Kurasa zenyewe zilioza, tukazichoma. Majina mia mbili na kumi na mawili yalibaki ndani ya kompyuta peke yake. Sehemu ya kutilia disketi ilikuwa imekufa tangu Agosti, na printa hatuna.

Mnamo tarehe 12 Novemba, siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, Kalama alikuja kufunga kadi ya kuunganisha mashine ya kuhifadhia nakala, ili orodha ipate nakala ya pili. Mgeni mmoja wa hoteli kule Galu alikuwa ameitupa mashine hiyo pamoja na kadi yake, naye Kalama akaviokota. Kalama aliifungua kompyuta, akailinganisha kadi na nafasi ya kuichomeka, kisha akairudisha mezani.

Akaniambia, "Dada Kavindu, hii haiingii. Kadi hii yatumia volti tatu na kitu, na nafasi zote humu ni za volti tano. Waona hiki kizuizi cha plastiki ndani ya nafasi? Pengo la kadi liko upande wa pili. Walioitengeneza wameweka kusudi, mtu asikosee."

Nikamuuliza, "Na ikilazimishwa?"

"Itaungua, na huenda ikaondoka na vyote."

Alisema kesho yake angekwenda Mombasa kutafuta kadi inayokubali volti zote mbili. Alinisihi nisiiwashe kompyuta mpaka arudi.

Mnamo tarehe 13 Novemba, saa tano asubuhi, alikuja mwenyekiti wetu, Mzee Muange. Afisa wa ardhi alitarajiwa Jumatatu kuchukua nakala ya orodha, ili hati za mashamba zianze kuandikwa. Nilimweleza aliyoyasema Kalama.

Akasema, "Kijiplastiki ndicho kitushinde?"

Alitoa kipande cha msumeno wa chuma. Akaniambia, "Shika hapa, mwanangu." Niliishika kadi kwa mikono miwili naye akaikata pengo jipya. Vumbi la shaba liliniingia kwenye kucha. Kadi ikaingia, ingawa ilikaa upande kidogo. Akasema, "Washa." Niliwasha mimi. Kulitoka mlio mmoja, kisha moshi na harufu kali. Nilichomoa waya ukutani. Haikufika dakika moja.

Mzee Muange alifungua dirisha moshi utoke. Kisha akasema, "Aliyeifungua mashine hii ni Kalama. Umenisikia?" Nikajibu, "Ndiyo, mzee." Yeye ndiye aliyemsaidia mama yangu kupata shamba tulipohama kutoka bara.

Kalama alirudi saa kumi jioni na kadi nyingine, ameifunga kwa gazeti. Aliiona kadi iliyokatwa, akauliza, "Nani amekata?" Mwenyekiti akamjibu, "Wewe ndiwe fundi." Kalama alinitazama mimi. Nilitazama sakafu. Aliichomoa ile diski yenye majina, akaenda kuijaribu katika mashine nyingine Ukunda. Haikuzunguka. Jumamosi asubuhi alishikwa. Mkewe, Esha, ni mja mzito wa miezi minane.

Jana saa mbili asubuhi, bibi mmoja mjane, Mumbe, alikuja ofisini. Alisema watu asiowajua wamechimbia nguzo za ua ndani ya shamba lake. Akaniambia, "Mwanangu, nisomee jina langu, nikawaambie." Sikuwa na pa kusoma. Namba ya shamba lake naikumbuka, ni 147, na mpaka wake naujua. Lakini afisa wa ardhi alikwisha kuniambia kuwa kumbukumbu yangu si hati. Bibi alingoja mpaka saa sita, kisha akaondoka.

Koplo ameniuliza kwa nini nilinyamaza siku kumi na moja. Niliogopa. Ameniuliza kama najua naweza kushtakiwa mimi. Najua. Ameniuliza kadi iko wapi. Mzee Muange aliichomoa akaondoka nayo, na sijaiona tena.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda kwa mikono yangu. Nimesomewa, nami nayakubali. Naomba Kalama aachiliwe leo.

(Sahihi) K. Musyoki

MAANDISHI YA AFISA: Maelezo yamekamilika saa tisa na nusu alasiri. Mshtakiwa Kalama Rai alifikishwa mahakamani leo asubuhi, akakiri kosa. Alisema amechoka. Amefungwa miezi kumi na minane, na faili likafungwa saa tano. Shahidi hakuwa na habari. Nilipomweleza, aliniomba nibadilishe saa ya maelezo haya niandike saa mbili asubuhi, yaonekane yalitangulia hukumu. Nimekataa.

(Sahihi) Koplo Chome