Nyumba Sita za Msiba

Shikamoo Mama mshauri, nakuandikia mtoto akiwa titini, unisamehe mwandiko. Niko Matiri, niliishia darasa la saba, na mwaka huu nilipata kazi ya kudodosa akina mama juu ya saratani ya mlango wa kizazi, na mtaalamu wa takwimu wa utafiti huo, Bwana Nathanieli, alitupa orodha ya nyumba zilizochaguliwa kwa kura akasema, "Dada zangu, kura ikiangukia nyumba ni hiyo hiyo, msinibadilishie," nasi tukaitikia. Sasa nyumba sita nilikuta matanga, na mama mkwe wangu, Ottilia, alishanionya, "We Asteria, msibani hawaulizi maradhi, utaambiwa ndiwe uliyeyaleta," basi nikaona haya, nikaingia kwa jirani, majibu ya jirani nikayaandika kwenye namba ya nyumba yenye msiba. Bwana Nathanieli akanisifu mbele ya wenzangu eti fomu zangu hazina pengo hata moja. Mwisho wa mwezi anazichukua kwenda kuzijumlisha, nikisema nitafukuzwa, nikinyamaza nitakuwa mwongo, na mtoto wangu huyu ni wa kike. Nifanyeje, mama?

Asteria, Matiri

Marahaba, mwanangu. Mkweo alikufunza adabu, usiitupe. Ila hebu fikiri: kwenye nyumba hizo sita walikuwa wanamlilia nani? Kama yumo mama aliyekufa kwa ugonjwa huo huo unaoutafuta, wewe umemfuta, ukamweka jirani mzima mahali pake! Hesabu itasema Matiri hakuna shida, na vipimo vitapelekwa kwingine. Ndiyo maana Bwana yule alikataa kubadilishiwa.

Atakufukuza? Sijui. Najua pengo lina dawa yake kwa watu wa takwimu, uongo wasioujua hauna. Nenda kabla hajafunga maboksi ya fomu, umpe namba zile sita, useme, "Haya ni majibu ya jirani." Usianze kwa kulia. Kisha muombe siku za kurudi.

Matanga yakishaondolewa, nenda na Mama Ottilia mwenyewe, na unga kidogo kichwani. Toeni pole, mkae. Fomu ibaki kapuni mpaka mwenye nyumba aanze kumsimulia marehemu wake, na ataanza tu, wafiwa wana hamu ya kusikilizwa. Hapo ndipo uombe ruhusa ya kuandika.

Na huyo binti mbebe mgongoni. Nyumba hizo sita unarudi kwa ajili yake.