Meno ya Kakakuona

Ujerumani, 3 Machi 2024

Baba, shikamoo. Natumaini kifua kimepoa na nyumbani wote wazima. Mimi sijambo, baridi tu ndiyo inanionea.

Hapa makumbusho nimepewa mchoro wa mwaka 1912 niusafishe. Nimemtumia dada Salome picha yake kwenye simu, akuonyeshe. Ni kakakuona. Chini wameandika: "Amechorwa akiwa hai, Newala. Aliletwa na Dadi wa Chilangala." Baba, si ndiye babu yako? Nimelia kwa furaha.

Mwanao,
Winfrida

Chilangala, 19 Machi 2024

Winfrida mwanangu, marahaba. Kifua bado, lakini barua yako ndiyo iliyonikaba.

Futa machozi. Aibu ilinizuia kukueleza. Kakakuona akionekana huku hafichwi na mtu mmoja. Hupelekwa kwa wazee, akawekewa maji, mtama na mkuki mbele ya watu wote wakiwa wamemzunguka kwa mduara, ionekane atachagua nini, mvua, mavuno au vita, kisha hurudishwa porini. Babu Dadi alisingiziwa kwamba alimpelekea Mjerumani kakakuona kwa siri. Mvua zikakatika. Tangu hapo ukoo wetu husimama nje ya mduara, hata leo.

Alikana mpaka anakufa. Alisema alimpa yule bwana magamba makavu tu, tena baada ya viboko.

Sasa utazame mchoro wako vizuri. Kakakuona gani ana meno? Hana hata moja, mchwa anawalamba kwa ulimi. Na yupi anatembea kwa miguu minne kama mbuzi? Hutembea kwa ya nyuma, ya mbele kaikunja kifuani. Huyo mchoraji kachukua magamba akamvika mbwa wake. Waambie wafute uongo wao.

Baba yako,
Bartholomayo

Ujerumani, 8 Mei 2024

Baba, shikamoo. Pole na kikohozi, na unisamehe kwa kimya.

Nilimweleza mkuu wangu. Akatabasamu, eti wachoraji wa zamani walikosea maumbo, si neno, na maneno ya kijijini si ushahidi. Nikamuuliza: kama mnyama alikuwa mbele yake, meno aliyatoa wapi?

Ripoti ya kazi inatiwa sahihi na mimi. Nimeandika kwamba mchoraji hakumwona kakakuona hai, na kila kosa nimelitaja. Ameniambia niyaondoe maneno hayo, la sivyo mkataba unaisha Juni. Siyaondoi. Nakutumia nakala ya ripoti pamoja na picha ya mchoro.

Mwanao,
Winfrida

Chilangala, 2 Julai 2024

Winfrida mwanangu, salamu nyingi. Pole kwa kazi. Najua sasa huna.

Wiki jana kakakuona alionekana kwenye mikorosho ya jirani yetu Faridi. Watu wakaitwa. Nikachukua karatasi zako, nikaingia ndani ya mduara bila kuitwa. Mzee Hamudi, mkubwa wa wazee, akanifukuza. Nikamwambia, "Mtazame huyu wa kwenye karatasi, kisha umtazame huyo aliye miguuni pako."

Akaitazama karatasi. Akainama, akamchungulia mnyama mdomoni. Ndipo akasema, "Aliyechora hiki hakuletewa kakakuona." Akanipisha nisimame ubavuni pake.

Wananiambia nifurahi. Nifurahie nini? Baba yangu alizaliwa nje ya mduara ule na akafa nje yake, kwa kosa ambalo halikutendeka. Hamudi anasema yaishe. Hayajaisha. Jumamosi namfuata kwake, twende kaburini kwa baba, akaseme pale kwa kinywa chake kwamba tulisingiziwa.

Baba yako,
Bartholomayo, mjukuu wa Dadi