Ugali wa Mama Neema

Jumanne, baada ya alasiri

Leo tena mwanafunzi wangu wa zamani kaja kunisifu kwa kuwafundisha riwaya ya yule Mmarekani aliyeishi na vibarua wa mashambani kabla ya kuandika habari zao. Nikaitikia tu.

Sikumwambia habari za vibarua wangu wa mpunga kule Mtunda, waliotoka bara. Walilala kwenye dungu la kulindia ndege, mimi kitandani.

Siku moja Mama Neema, mmoja wao, alinikuta nasoma kitabu kile, nikamsimulia. Akacheka. "Mwalimu, huyo Mzungu kala na wenziwe. Wewe ugali wetu umeuonja lini?"

Nikamfokea arudi kazini. Msimu uliofuata hakuja.

Ningemtafuta nimwombe radhi kabla sijafa, lakini jina lake sikuliuliza. Neema ni la mwanawe.