Chupa Namba Tatu

Shoga, leo nimeumbuka dukani!

Miaka sita mimi ndiye ninayeipa mivinyo alama na kubandika kadi kwenye rafu. Huyu keshia mpya kaja juzi tu, kaandika kwenye ile chupa rahisi kuliko zote, "Tamu, inafaa na kuku," na wateja wote wanamfuata yeye. Wote!

Roho ikaniuma. Nikamwambia bosi tuzifunge chupa kwa magazeti, tuonje bila kujua ipi ni ipi.

Namba tatu nikaipa tisini na tano kwa mia. Tisini na tano, mbele ya wateja!

Bosi kufungua gazeti, ile ile ya keshia. Ile niliyowahi kuiandikia kadi, "Siki."

Na keshia hakunicheka, shoga. Kaniuliza taratibu, "Dada, nikuandikie kadi nyingine?"

Angenicheka, ningemsamehe.