Koko wa Nyantende Amekula Maharagi Yetu

Yaya Sifa, koko ya Mugisho amekubali. Riziki wetu anaolewa. Hiyo nimeiandika kwanza, maana ningeanza na salamu ungeziruka ukitafuta habari yenyewe, nakujua.

Sasa nakusalimia, dada mukubwa wangu. Habari ya Kamituga? Na mguu wako, ile uliumia wakati pikipiki iliwaangusha mu matope, imepona? Mama anakula muzuri? Mwambie avae ile tiriko ya baridi, ya buluu, nilimutumia, asiiweke mu sanduku. Sisi huku Bukavu tuko wazima, Mungu anatuchunga. Mvua inapiga kila mangaribi, na matope ya Kadutu inataka kutuvua viatu, lakini makala ya kupikia iko, mboga ya lengalenga iko tele, hatulalamike. Papa Riziki iko na kazi yake ya mbao. Anakusalimia, na anasema kuna mambo ya firigisi ambayo hatanisamehe. Utaelewa mbele kidogo.

Simu yako nimepiga mpaka nikachoka, kila mara wanasema haipatikane. Ndiyo maana nampa chofere wa gari ya Kamituga barua hii. Umusomee Mama polepole, usiruke kitu.

Unakumbuka nilikuambia habari ya Mugisho, ule kijana mwalimu wa Nyantende. Baba na mama yake walikufa yeye angali mudogo. Ni koko yake, mama ya baba yake, alimulea na kumusomesha na shamba yake ya maharagi. Kwa hiyo baba wadogo wanaweza kusema ndiyo mpaka sauti ikauke, lakini kama koko hajafungua kinywa, hakuna ngombe ya mahari itatoka mu lupango. Na koko alikuwa hataki. Alimwambia Mugisho: "Wabinti wa Bukavu wanaosoma, mimi nawajua. Asubui mukate, mangaribi mukate. Tena huyu ni Murega, haiko Mushi kama sisi. Nitaenda mimi mwenyewe niangalie chungu yao."

Toka Riziki asikie hiyo neno, alikonda. Mutoto anamaliza masomo ya infirmière, walimu wake wanamusifu, akichoma mutoto muchanga sindano mutoto hata halie. Lakini juu ya koko mumoja wa Nyantende, kila siku akawa anavunja sahani. Nikamwambia, "Tulia, mama. Hiyo chungu uniachie mimi."

Yaya, nilipika. Nilichinja ile jogoo kubwa nyekundu watoto waliogopa. Nikaponda ndizi ya lituma. Sombe, majani ya muhogo, nikaitwanga mu kinu, haiko ile ya mashini, na nikatia mawese ya Kamituga mpaka ikang'aa. Majirani walikuja mumoja mumoja kuomba chumvi, wote chumvi, siku moja, na kila mumoja akakawia ku mulango akinusa. Lakini chakula yetu wenyewe ya ile siku, maharagi na lengalenga ile Riziki alipikia wadogo wake asubui, nikaisukuma nyuma ya rido, ile pazia ya mulango wa chumba. Nikaambia watoto: mwenye kusema chungu iko pale, hatakula kuku.

Koko akafika na Mugisho chini ya mwavuli, viatu vyake mu mukono. Ni mwanamke mufupi, anatembea wima kama musichana. Nikamuosha miguu mimi mwenyewe, nikamukalisha ku kiti ya Papa Riziki, nikafunua masahani. Na vile yeye ndiye mugeni mukubwa, nikatwaa firigisi, ile Papa Riziki anakulaka toka tuoane, nikaiweka mbele yake. Papa Riziki akaangalia ile firigisi ikimupita sawa mutu anayeona gari imemuacha ku barabara.

Koko akaangalia sahani. Akaweka mikono ku magoti.

"Koko, karibu, hiyo ni ya kwako," nikasema.

"Aksanti, mwanangu."

Hakugusa. Nikamuongezea paja. Hakugusa. Mugisho akaanza kutoka jasho mu kichwa, na Riziki, ku mulango, alikuwa anakunja na kukunjua kitenge yake. Nikafikiri imekwisha, chungu yetu imemushinda, mutoto wangu atalia mwaka muzima. Nikamuongezea bawa.

"Maman Riziki," koko akasema, "ukiongeza tena, hii kuku itasimama itembee."

Hakuna mutu alicheka. Akaendelea: "Sisi wamama wa zamani, kule kwetu, kuku hatuikulaka. Mama yangu hakula, mimi sikula. Sasa meno imekwisha, ndio nianze?"

Mugisho akainamisha kichwa. "Koko, mimi sikujua hiyo."

"Ungejua wapi? Kila siku firigisi ulikuwa unakula wewe." Na akaisukuma ile firigisi mbele ya Mugisho. "Kula, mutoto wangu." Mugisho akaila. Papa Riziki akatafuna lituma yake, macho ku kinywa ya Mugisho.

Kisha koko akamugeukia Riziki. "Na nyinyi wenyewe, leo mulipika nini?"

Nikamutolea Riziki macho, ile macho wewe na mimi tulipata kwa Mama. Akaniangalia. Akamuangalia koko. Akasema: "Koko, maharagi na lengalenga, na samaki sambaza kidogo. Iko nyuma ya rido. Maman aliificha."

Nilitafuta fasi ya kuweka uso wangu nikaikosa.

"Lete," koko akasema.

Akala na bugali, Yaya. Akala kwa utaratibu, kama mutu aliyefika kwake. Na huku anakula akaanza kuuliza, na ulizo zake hata wale walimu wa Riziki hawajafika pale.

"Sambaza ni kidogo sababu gani?"

"Mwezi inaanza kuwa kubwa, koko. Taa za wavuvi hazionekane tena muzuri, sambaza haziji."

"Na mwezi ikijaa kabisa?"

"Napika zile nilianika ku jua mu kiangazi. Natia nyanya na kitunguu, hakuna atajua kama ni za zamani."

"Mimi nitajua. Haya, mwezi wa kumi, maharagi ya mbegu imeingia yote mu udongo, mpya haijatoka. Utanipa nini?"

"Mateke ya kuchimba na kuchemsha, koko, na majani ya maboga. Na buyoga, kama mvua imeileta."

"Na mwezi wa saba, wakati maji inakosekana ku bomba?"

"Napika viazi vitamu na maganda yake. Tena tunakula wote ku sahani moja, ili tuoshe moja."

Hapo koko akacheka mpaka akaweka tonge chini. "Hiyo mimi mwenyewe sikuiwaza. Na maharagi mpya ya mwezi wa kwanza, unaitia mawese ngapi?"

"Hata tone. Chumvi tu. Ukitia mafuta unaiharibu."

Yaya, mutoto wa Murega, sisi watu wa mawese, kusema vile mbele yangu, nilishituka. Hiyo siyo mimi nilimufundisha, ni Mugisho, na tutaizungumuza siku ingine. Lakini yote ingine ni mimi. Kuanika sambaza ni mimi. Sahani moja ni mimi. Nani alimupeleka ku soko akiwa na miaka sita kuchagua lengalenga, akarudi na majani ya ngombe, na hatukumupiga? Ni mimi.

Koko akanawa mikono. Akamwambia Papa Riziki: "Huyu hatafisha mutoto wangu na njaa. Mutengeneze fasi ya ngombe." Riziki akatoka mbio, akaenda kusimama mu mvua nyuma ya nyumba, sijui alikuwa analia ama anaoga. Mimi nikapiga kigelegele, na wale majirani wa chumvi wakaingia wote, kuku ikaisha kwa dakika chache. Mbele ya kwenda, koko akaomba tumufungie sombe mu kopo. Alisema ni ya majirani wake. Mugisho ananiambia hakuna jirani aliiona.

Sasa sikia kazi yako. Lete mawese, bidon nzima, isiwe ile nyeusi. Lete viwavi vya kukausha, na ndizi za lituma, maana za hapa ni ndogo. Watakuja Bashi wengi, watu wa Mugisho, na nataka wajue Kamituga iko wapi. Koko atapikiwa chungu yake ya pembeni, maharagi na chumvi, nimekwisha mupa Riziki hiyo kazi. Na ulete Mama. Mumukalishe mbele mu gari, mumufunge muzuri mu kitenge, mupumuzike njiani kama anachoka. Koko anasema anataka kumuona, walinganishe meno.

Unisalimie shemeji, mume wako, umwambie avae ile suruali ingine. Unisalimie binti yako mukubwa na wapacha wake. Unisalimie katekista yetu wa zamani, aombee barabara mvua isiikate. Na ule mama mujane wa karibu na kisima, aliyenifundisha kutwanga sombe nikiwa mutoto, umwambie sombe yake imefika mpaka Nyantende mu kopo.

Ni mimi mudogo wako, Maman Riziki, karibuni mama mukwe wa mwalimu. Mutafika hapa Kadutu ijumaa, mupumuzike, na tutamukabizi Riziki mutoto wetu kwa watu wa Mugisho sisi wote tukiwa hapa, kesho yake, samedi ya pili nyuma ya Pasaka, asubui, mbele ya mvua.