Fatiha Mliyoisoma Nyote

Baba yangu, uliyelala mavani,

Salamu ya aliye hai haimfikii maiti ila kwa dua, na dua nakuombea kila Alhamisi bila kukosa. Leo sikuletei dua. Nimekaa darini, karatasi gotini, nakuandikia kwa herufi za chuoni ulizonifundisha mwenyewe, ili nizitue hasira zangu mahali. Miaka kumi na mitano nimezibeba, na aliyenitia moto jana ni sahibu yako, Ami Salimu.

Nitakueleza alichonifanyia. Lakini kwanza tukumbushane siku ile, maana wenzako wote wameikumbuka vile inavyowafaa wao.

Ilikuwa baada ya Alasiri. Vita vya bara vilikuwa vimepamba moto, jamaa zetu wa upande wa kusini wamewagomea Wazungu, na barua yao ya kuomba watu na baruti ilikuwa imefika mjini kwa siri. Wazee wa mtaa walikuja sebuleni petu, kumi, na wewe wa kumi na moja, kwa kuwa ndiwe uliyekuwa mkubwa wao. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na birika la kahawa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na masikio yangu unayajua.

Sikutakasi, Baba. Ulitaka vita, na uliisema haja hiyo kwa ulimi wako mtamu uliowafanya watu wakufuate hata kununua samaki. Lakini hukumkaba mtu koo. Uliwauliza mmoja mmoja, na kila mmoja akajibu kwa kinywa chake. Ami Salimu akasema, "Tukikaa kitako leo, kesho wajukuu zetu watatutemea mate." Mume wa Bi Rukia, jirani yetu wa mlango kwa mlango, akamtoa mwanawe pamoja na bunduki. Hakuna aliyesema tungoje. Kisha ukasema, "Al-Fatiha," nanyi mkainua mikono.

Sikuwaona, ila nilizisikia Amin zenu. Ya Ami Salimu ndiyo iliyotangulia, kama kawaida yake. Mara ngapi umemtania mbele yangu, "Salimu, hiyo Fatiha waisoma ama waimeza?" Ikaja ya mume wa Bi Rukia, nzito. Zikafuata nyingine, na yako ikawa ya mwisho. Jambo likishasomewa Fatiha si la mtu mmoja tena. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo.

Ukashika kalamu ukaandika majina ya vijana. La kwanza lilikuwa la Athmani, kaka yangu. Mama alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo hapakuwa na wa kuulizwa. Nilikuwa namshonea kofia, upande mmoja haujesha. Alinichungulia nyuma ya pazia akanambia, "Iwate, nikirudi utaimaliza."

Vijana walivuka Likoni kumi na wanne, wakarudi watatu. Waliviziwa msituni kabla hata hawajafika kwa hao waliokuwa wakiwaendea. Athmani hatukuletewa hata nguo yake, na mwana wa Bi Rukia vivyo hivyo.

Kisha askari wakaja mtaani kuuliza ni nani aliyewatuma. Hapo ndipo nilipojua kwamba kilemba hakimfanyi mtu kuwa mwanamume. Watu kumi, wenye ndevu zao, walijibu neno moja kama wanafunzi wa chuo kimoja: ni yeye, yeye peke yake, sisi alitulazimisha. Na mama waliofiwa, waliokuwa wakitafuta pa kupeleka kilio chao, wakaonyeshwa mlango wetu. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wangeongeza kwamba mla nawe ndiye atakayewaonyesha askari unapolala.

Ukatiwa Ngomeni. Nilikuletea mikate ya mofa na papa, tukakaa na askari katikati yetu, nikakuuliza kwa nini huwataji.

"Wana watoto hawo, mwanangu," ukanambia.

"Na miye n'nani, Baba? Paka?"

Ulicheka. Mimi sikuwa nikifanya mzaha. Ulidhani unawaokoa watu kumi, na pengine uliwaokoa, lakini mimi uliniacha mtaani peke yangu na jina lako. Mvua za pili hazikukukuta. Tulikutoa Ngomeni juu ya jeneza, na hao kumi hakutokea hata mmoja wa kukutia bega.

Unataka kujua nilivyoishi? Nimeitwa binti wa aliyewamaliza vijana. Nimeingia harusini, wanawake wakasogeza mikeka yao. Bi Rukia, aliyenisuka nywele tangu utotoni, alipitia mbele ya mlango wangu miaka kumi na mitano kama anayepita ukutani. Kila mwaka watu wa mtaa huwasomea vijana hitima, na mimi hunitumia mtu wa kuniambia kwa adabu kwamba ingekuwa vyema nisihudhurie. Hitima ya ndugu yangu wa tumbo moja! Nikimlilia Athmani husema nalilia makosa ya babangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wangu waliuona mwepesi kuliko usufi.

Sasa sikiliza ya jana. Ami Salimu yu mgonjwa wa kufa, miguu imemvimba, na alituma niitwe. Nilimkuta amelala, binti yake Zena anampepea, na Bi Rukia amekaa chini kwenye mkeka. Alikuja kumtazama mgonjwa.

"Mwanangu," akasema Ami Salimu, "niwia radhi kwa lililopita baina yangu na babako."

"Lipi, Ami? Litaje."

"Walijua mwenyewe."

"Mimi nalijua. Zena halijui. Siku ile sebuleni petu, ni nani aliyetangulia kusema Amin?"

Akageuza uso ukutani. Nilidhani ndiyo basi, atakufa nalo. Kisha akasema polepole, "Ni miye. Sote twaliitikia. Hapana aliyelazimishwa."

Zena aliacha kupepea. Nami nikamgeukia Bi Rukia, nione aibu ikimshuka usoni. Hakushtuka hata kidogo.

"Hilo naliliyua," akasema. "Mume wangu alinambia siku ile ile."

"Na miaka yote hii wanipita kama usiyeniona?"

"Ningemchukia nani, mwanangu? Mume wangu? Nalikuwa nikilala naye kitanda kimoya. Babako alikuwa mbali, amefungwa, kisha akafa. Yeye alikuwa rahisi."

Baba, mkono uliniwasha. Nilitaka kumzaba kofi mwanamke mwenye mvi, mbele ya mgonjwa, na Mungu anisamehe, nilitaka limuume.

Ami Salimu akanikumbusha radhi yake. Nikamwambia ataipata msikitini, Ijumaa, akiyasema maneno yale yale mbele ya watu.

"Hawezi kutembea," akasema Zena.

"Abebwe. Babangu alibebwa."

Nikatoka. Bi Rukia akanifuata hadi mlangoni, akanishika mkono bila kunitazama. "Na miye je?" Nikampa radhi yangu pale pale. Mwenyewe nilishangaa kusikia neno limetoka. Nimekesha nikijiuliza kwa nini yeye nimempa na mgonjwa wa kufa nimemnyima, na jibu limenijia leo asubuhi nikichota maji kisimani, likanikera hata nikaiacha ndoo.

Ni kwa sababu alilolifanya nami nimelifanya. Yeye alikuchukia wewe asije akamchukia mumewe. Mimi nilikuwa na watu kumi wa kuwachukia, na kumi walinitosha, sikuhitaji kukufikia wewe. Niliwaapiza asubuhi na jioni. Kila niliposikia jina la Athmani nilimtafuta Salimu, nikamtafuta mume wa Bi Rukia, nikawamaliza wote kumi kisha nikaanza tena. Wa kumi na moja sikumgusa.

Basi leo namgusa. Vita vilikuwa vyenu nyote, na yeyote atakayekutwika peke yako nitapambana naye mpaka niingie kaburini. Lakini jina la Athmani hamkulisomea Fatiha. Hakuna aliyelitaka kwako. Uliliandika wewe mwenyewe, la kwanza, ili wenzako waone kwamba hukuwatolea wana wao ukamficha wako. Uliinunua heshima yako kwa ndugu yangu, na mimi nikiwa nyuma ya pazia na sindano mkononi hukunigeukia hata kwa jicho.

Najua mtoto ndiye huomba radhi kwa mzazi, si mzazi kwa mtoto. Basi nihesabu mkosefu. Alhamisi nitakuja mavani kukusomea, na nitakufagilia, na atakayelitaja jina lako vibaya atanikuta njiani. Lakini kwa hilo la Athmani, Baba, sijakuwia radhi.

Ni mimi mwanao,
dadake Athmani.